Kila Baada ya Mistari Minne

Mvuke, kama madobi wenzake walivyomwita, aliusikiliza wimbo mara ya kwanza peke yake, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, simu kaibana sikioni. Ulikuwa umetoka saa sita kamili mchana, kama staa aliyemshirikisha alivyotangaza. Alisubiri ubeti wake, mistari kumi na sita aliyoitunga huku akinyoosha kola za watu, yote juu ya mama yake, aliyesimama kwenye meza hiyohiyo ya pasi miaka kumi na tisa mpaka miguu ikakataa.

Haukuja.

Alimpigia prodyuza.

"Dada'ngu, usinimeze," prodyuza alisema. "Staa aliona wimbo umekuwa mrefu. Lakini sijakutupa. Ile pumzi uliyovuta kabla ya kuanza imekaa vizuri kweli. Nimeirudia kila baada ya mistari minne."

"Pumzi?"

"Sikiliza kwenye spika nzuri, utaipenda."

Aliporudi ndani, kwenye meza za pasi, baba yake alikuwa ameshafika kuusikiliza wimbo. Kavaa shati la mikono mirefu, kafunga mpaka kifungo cha shingoni, kakalia tenga la nguo lililopinduliwa. Madobi wenzake Mvuke walikuwa wamezima pasi.

"Mzee kaja na daftari," alisema mwanamke wa meza ya pili. "Leo tunafanya imla."

"Nyinyi vijana mnaimba kama mnafukuzwa," baba alisema. "Mimi mambo ya mke wangu sitaki yanipite."

Wakacheka. Mvuke alifungua mdomo amwambie. Lakini baba alikuwa ameshaandika jina la marehemu mkewe juu ya ukurasa, kalipigia mstari chini, taratibu, asilikwaruze. Mvuke akabonyeza simu, wimbo ukaanza.

Staa alisifia magari yake. Kisha ikaja: pumzi fupi, ya mtu anayetaka kusema jambo.

Baba aliinua kidole. "Kimya. Huyo mwanangu. Anaanza."

Staa akaendelea. Pumzi ikaja tena.

"Haya, sasa," baba alisema, akainamia daftari.

Mwanamke wa meza ya pili alimtazama Mvuke, kisha akashusha macho kwenye kola iliyokuwa mbele yake, akaanza kuilainisha kwa kiganja. Hakuna aliyewasha pasi. Pumzi ikaja mara ya tano, ya sita. Kila ilipokuja, ncha ya kalamu ya mzee iligusa karatasi, ikangoja, ikaacha nukta.