Mshale wa Dipoli

Mimi ni mwalimu wa kemia. Mwalimu Amosi wa fizikia alipohamishiwa Manyoni, mkuu wa shule alinitupia vipindi vyake vya kidato cha sita. Nikavibeba vyote, na majivuno juu yake.

Tulipofika kwenye momenti ya dipoli, nilitamba. Chaji chanya huku, chaji hasi kule, zidisha chaji moja kwa umbali ulio kati yao, kisha chora mshale kutoka chanya kwenda hasi. Mwanafunzi mmoja, Sijaona, akanyoosha mkono.

"Samahani, Madam. Kitabu cha fizikia kinauanzishia mshale kwenye hasi."

"Wewe na kitabu chako, nani mwalimu hapa?"

Darasa likacheka. Akakaa.

Leo asubuhi, mtihani wa taifa wa fizikia ukiwa umeshaanza, Amosi akanipigia simu kuwaulizia vijana. Nikamjibu kwamba dipoli wanazichora hata wakifumba macho.

"Ila uliwakumbusha mshale?" akauliza. "Maana nyie watu wa kemia mnauchora kinyume. Kwenye fizikia unatoka hasi kwenda chanya. Ukikosea hapo, hata upande itakaozungukia dipoli unaukosa."

Nikakata simu. Wanafunzi thelathini na wanne, na wote nimewapoteza mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe! Wasimamizi wametoka shule nyingine. Nikipaza sauti tu, matokeo ya darasa zima yanafutwa. Nikazunguka nyuma ya jengo, upande wa shamba la alizeti, nikachungulia dirishani kama mwizi.

Sijaona alikuwa dawati la karibu kabisa na dirisha. Kwenye karatasi yake kulikuwa na viduara viwili, na mshale wa penseli katikati. Nikakaza macho. Ulitoka hasi kwenda chanya. Hakunisikiliza! Machozi yakanitoka, nikajikuta nimeng'ang'ania nondo za dirisha. Angalau mmoja, Mungu wangu, angalau huyu.

Akainua macho, akaniona. Akautazama uso wangu uliolowa, akautazama mchoro wake, akanitazama tena. Nikatikisa kichwa kwa nguvu: acha, usiguse, acha hivyo hivyo.

Akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi, akachukua kifutio.