Mizabibu Kumi na Mmoja ya Baba Gwiza

Bonde letu linajulikana kwa mambo mawili: mizabibu na anga safi. Anga ni kazi ya Mungu, sina neno nayo. Asubuhi, mji wa Gisenyi ukiwa bado umefunikwa na ukungu wa ziwa, kule juu nyuma ya vilima vya Rubavu unauona mlima Nyiragongo wote, kuanzia miguuni mpaka kwenye moshi wake. Mizabibu ni kazi ya mume wangu Bizumuremyi, Baba Gwiza. Iko kumi na mmoja. Ndiyo, kumi na mmoja tu, na bonde zima limepata jina kwa ajili yake, kwa sababu mwenyewe aliandika kwenye kipande cha bati na kukipigilia pale njia inapoingia: KARIBU BONDE LA MIZABIBU NA ANGA SAFI.

Vijiti vyake alivinunua kwa dereva wa lori aliyetoka Tanzania, vimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Miaka minne ikapita. Majani yalistawi ajabu, kuku wa jirani wakafanya makao chini yake. Zabibu hatukuona hata moja. Na udongo wenyewe ni ule mweusi wa volkano, ukidondosha kiazi kwa bahati mbaya kinaota. Mimi nilitaka viazi. Kila nilipotaja viazi, mume wangu aliniangalia kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

Haya yangekuwa mambo ya nyumbani tu kama asingekuwa na mdomo. Kanisani kwetu, pale Nengo, sikukuu ya mavuno ya Umuganura ikifika mwezi wa nane kila familia hupeleka mazao yake ya kwanza mbele ya madhabahu. Mwaka wa kwanza alikuwa ameshatangaza kwa kila mtu kwamba ataleta zabibu za bonde lake. Siku mbili kabla, akaniita chumbani.

"Mama Gwiza, we unavuka kila siku. Goma iko zabibu."

Ni kweli navuka kila siku. Napita mpakani Petite Barrière, naingia Goma upande wa Kongo na karoti na vitunguu kichwani, narudi na beseni tupu. Basi mwaka ule beseni halikurudi tupu. Wala mwaka uliofuata. Wala wa tatu. Mume wangu alisimama mbele ya waumini akiwa amevaa koti lake la harusi, akapokea sifa za zabibu nilizonunua kwa mama mmoja wa Birere kule Goma, na mimi nikakaa kwenye benchi nikiimba kwa sauti kubwa kuliko wote ili dhamiri isipate nafasi ya kusema. Watu wakaanza kumwita Mzee Zabibu. Alilipenda hilo jina mpaka likaniudhi.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, akatoa tangazo baada ya ibada.

"Bon, wapendwa. Maisha yetu yote tunahubiriwa mizabibu, na hapa hakuna mutu mwenye ameuona kwa macho. Jumamosi tutaenda kwa Mzee Zabibu. Tutaomba chini ya anga safi, tutaona vile matunda inaning'inia."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu naye akapiga. Nilimwona jasho likimtoka kwenye masikio.

Tulipofika nyumbani hakuwa na haja ya kuniomba, nilijua anachotaka. Nikakaa kitini, nikavua viatu taratibu. Siku kama ile haiji mara mbili.

"Nitakuletea," nikamwambia. "Na nitazifunga kwenye miti kwa uzi, zining'inie kama wanavyotaka. Lakini Umuganura ukifika na hiyo miti yako haijazaa ya kwake, unaing'oa na shamba linakuwa la viazi."

"Itazaa."

"Ikizaa, sitataja viazi mpaka nife. Isipozaa?"

Alizunguka chumba mara tatu. "Isipozaa, chukua," akasema.

Ijumaa nikavuka. Yule mama wa Birere alikuwa na nyekundu kidogo na za kijani kidogo, nikachukua zote. Jumamosi alfajiri nilikuwa bondeni na sindano na uzi mweupe, nikivifunga vichala kimoja kimoja. Nikasimama mbali nikaangalia. Nitasema ukweli, palipendeza. Nilijisikia kama Mungu siku ile ya tatu, tofauti ni kwamba mimi mkono ulikuwa na tundu za sindano.

Wakaja watu ishirini na watatu. Mama Pasta alifika wa kwanza, akakimbilia uzio wa jirani, akaukumbatia mti unaotambaa pale na kuomba apigwe picha.

"Mana yanjye, Mungu wangu, donc huyu njo muzabibu!"

"Hapana, Mama," mume wangu akasema kwa upole. "Huo ni maracuja, pasheni za jirani."

Alipoonyeshwa yenyewe, akaweka mkono kifuani. Wengine walivua kofia. Mume wangu akaanza kutembea kati ya mistari, mikono nyuma, akieleza jinsi mzabibu unavyotaka subira na roho safi. Alitia chumvi mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Nyuma kabisa ya kundi alikuwapo mzee mmoja mgeni kanisani, jina lake Kimenyi. Ndiyo kwanza amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinamia kichala kimoja, miwani kwenye ncha ya pua. Nikasogea kwa haraka. Kwenye kidole chake alikuwa amezungusha uzi mweupe.

"Mama," akaninong'oneza, "mzabibu huu ameushona nani?"

"Ni mi, mzee."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti mpaka akafuta machozi.

"Nimelima zabibu Dodoma miaka ishirini na sita," akasema, "na sijaona tawi moja likizaa nyekundu na kijani, tena zisizo na mbegu. Mmeshawahi kuipogoa?"

"Kufanya nini?"

Akaiangalia ile miti, matawi ya miaka minne yaliyosukana kama nywele za mtoto asiyechanwa. Kisha akamwangalia mume wangu, ambaye hata mbuzi akionja jani moja tu yeye halali siku hiyo. Nikaona wazo linaingia usoni mwa yule mzee, na halikuwa wazo la mtu mpole.

"Ndugu Bizumuremyi!" akaita kwa sauti. "Mimi nimetoka kwenye nchi ya zabibu. Kule, siku mkulima anapovuna ndiyo siku hiyohiyo anapogoa. Na hapa mnafanya vivyo hivyo, sivyo?"

Macho ishirini na matatu yakamgeukia mume wangu, kwa maana kila mtu alitumia lake moja, jingine liko kwenye zabibu. Kupogoa hakujui. Kusema hajui pia hakujui.

"Ndiyo," akajibu. "Siku hiyohiyo."

"Basi tuvune, na mimi mgeni nikusaidie."

Mzee Kimenyi akatoa kisu mfukoni. Alikuwa anakata uzi na kukabidhi kichala kwa mkono mmoja, haraka, kabla mtu hajatazama. Dada mmoja wa kwaya alivuta kitu cheupe kutoka mdomoni, akakiinua kwenye mwanga.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nywele ya mzabibu," akajibu bila kupepesa macho. "Ni dalili ya afya."

Zabibu zilipoisha, akaomba panga. Akaanza na mti wa kwanza. Tawi lililokuwa limepanda mita nne likaanguka, kisha jingine, kisha mengine yote, hadi pakabaki kisiki cha urefu wa goti chenye vidole viwili. Akahamia wa pili. Mume wangu alisimama akitabasamu. Alitabasamu mti wa tatu, akatabasamu wa saba, na kufikia wa kumi na mmoja lile tabasamu lilikuwa limemkauka usoni kama matope. Mama Pasta alikuwa anapiga makofi kwa kila tawi. Mimi nilijificha nyuma ya maracuja nikauma kitambaa changu nisicheke.

Wakati wa kuondoka Mzee Kimenyi akanipita karibu. "Usipige jembe kwenye visiki," akasema, basi, akaenda zake.

Mume wangu alilala ameangalia ukuta siku mbili. Siku ya tatu akasema, bila kugeuka, "Chukua. Panda viazi vyako. Mi sitaki kuona pale tena."

Nilikuwa nimeshinda. Mvua ya mwezi wa tatu ilipofunguka nikapanda mbegu kati ya visiki, nikipanga kuving'oa vyote nikishavuna, udongo ukiwa umelegea. Alitimiza neno lake, hakukanyaga kule hata mara moja. Kwangu ilikuwa raha tupu kwa muda wa wiki tatu.

Siku moja nimeinama napalilia, nikaona kwenye kisiki machipukizi mekundu, na katikati ya kila chipukizi kitu kidogo, vipunje vya kijani vidogo kuliko uwele, vimeshikana. Nikaangalia kisiki cha pili. Navyo vipo. Vyote kumi na kimoja vilikuwa navyo.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Miaka minne ananisumbua na majani, na mwaka niliochukua shamba ndiyo inaamua kuzaa! Nikainua jembe. Pigo moja kwa kila kisiki, na nani angejua? Ningesema ni mchwa. Nikalishusha jembe chini, nikalifuta. Kesho yake nikarudi nikaliinua tena. Sijui niseme nini, vile vipunje vilikuwa vimeongezeka kidogo tu usiku ule, na mimi nilitaka kuona vitafika wapi.

Sikumwambia. Viazi nilivuna mwezi wa saba, magunia mazuri, na visiki sikuving'oa. Nikatoa chandarua cha zamani cha Gwiza, binti yetu, nikafunika miti ndege wasile. Nilikuwa nakwenda hata siku isiyo na kazi. Gwiza akaniuliza kama kule bondeni nina mwanamume. Nikamwambia ninao kumi na mmoja.

Wiki ya Umuganura mume wangu akaja jikoni, sauti chini. "Mara ya mwisho, Mama Gwiza. Niletee za Goma. Watu wananingoja."

"Sawa," nikasema.

Jumapili nikabeba kapu langu, viazi chini, zabibu juu, nimefunika kitambaa. Alifunua kona akachungulia, akaona zabibu, akaridhika. Hakuuliza kitu. Mbele ya madhabahu akainua kichala kimoja juu na kunyoosha koti.

"Wapendwa, bonde letu halikutuangusha!"

Mama Pasta akachuma moja akaitia mdomoni. Uso wake wote ukakimbilia katikati. Akatema mbegu mkononi, moja, mbili, tatu.

"Yewe! Mzee Zabibu, leo umetudanganya. Za bonde lako tunazijua, iko tamu, haina mbegu. Izi umeokota ku soko!"

Kanisa zima likacheka. Mume wangu akanisogelea, midomo haichezi.

"Umenunua takataka gani?"

"Mi sikununua."

Hakunisikia, alikuwa na haraka. "Sema ni za Goma. Sema ndege wamekula zetu, tukanunua hizi kidogo. Watanisamehe. Sema hivyo, na lile shamba ni lako moja kwa moja, nitaving'oa vile visiki kwa mikono yangu. Kesho."

Mama Pasta alikuwa ananiangalia mimi sasa. "Mama Gwiza, we njo unavuka kila siku. Tuambie, izi ni za wapi?"

Neno moja tu. Goma. Ningelisema, na shamba lingekuwa langu, na uongo wetu wa miaka mitatu ungebaki salama. Nikaangalia ile zabibu mkononi mwa mume wangu, ndogo, ngozi ngumu. Nilikumbuka niliyoyaona kwenye kisiki siku ile nikiwa na jembe. Aliyekuwa anaziita takataka ni mwenye shamba mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma.

"Zile za miaka yote zilikuwa za Goma," nikasema. "Hata mlizokula bondeni, nilizifunga mimi kwa uzi. Hizi ndizo zetu. Hizi zimezaliwa."

Yule dada wa kwaya akajishika mdomo, nadhani alikumbuka nywele ya mzabibu. Kutoka benchi la nyuma Mzee Kimenyi akainuka, akaja mbele polepole, akachuma moja, akatafuna na kumeza na mbegu zake.

"Chachu," akatangaza. "Za hapa hapa. Mkizipa zilizobaki wiki mbili zaidi, zitaiva tamu, mtanitafuta."

Kanisa likalipuka, wengine kwa kicheko, wengine kwa makelele, na Mama Pasta akawa anauliza kwa sauti kama alipiga picha na uzi. Mume wangu hakuwa anasikia lolote. Alikuwa bado ameniangalia.

"Imezaa?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Yote kumi na mmoja."

Akaitia mdomoni. Nikaona taya linavyokaza, jicho moja likafumba lenyewe, machozi yakatoka, na sikujua ni ya uchachu au ni ya nini. Alitafuna muda mrefu sana.

"Tamu," akasema. "Mama Gwiza, ni tamu sana."

Muongo huyu. Mbele ya madhabahu! Akachuma nyingine, akanipa kwa mkono wake, akasubiri. Nikaila. Ilinichoma mpaka kwenye masikio.

"Sivyo?" akauliza.

"Tamu," nikasema.