Joto la Mkono wa Kushoto

Usiku wa jana niliota mgeni anabisha hodi kutoka ndani ya ukuta wa bafu letu. Alibisha mara tatu, kwa adabu, kwa hiyo nikasema karibu.

Ukuta ukafunguka bila kelele. Akatoka fundi mrefu aliyelowa chapachapa, mabegani kabeba mabomba mawili: moja la plastiki, jeupe, moja la shaba, jekundu.

"Lwitiko," akasema, "ulimwahidi bibi yako maji ya moto bafuni kabla baridi ya Tukuyu haijamkaza tena magoti."

"Ndiyo, fundi."

"Baridi imefika. Chagua."

Bomba la plastiki likakohoa kidogo. "Mimi mwepesi. Sishiki kutu. Mwizi wa vyuma chakavu ananipita kama msiba wa mtu asiyemjua. Ila maji yakizidi moto, nalegea."

"Huyo hulegea hata akisifiwa," likasema la shaba. "Mimi nitaishi mpaka nimzike mjukuu wako."

"Sina mjukuu."

"Nitasubiri."

Mara bafu ni ukumbi wa mahafali. Viti vyote vimekaliwa na mabomba yaliyovaa joho, na mimi nimevaa langu. Jina likiitwa, bomba linasimama, linaingia ukutani, na ukuta unapigwa plasta. Ukumbini hakuna anayepiga makofi. Makofi yanatoka ndani ya ukuta.

Mstari wa mbele namwona Bibi, kajifunga khanga, ndoo ya maji baridi mapajani.

"Mjukuu wangu, usihangaike," ananiambia, meno yakigongana. "Baridi hii nilikuwa nayo kabla hujazaliwa. Hata babu yako niliolewa naye ikiwepo."

"Niliahidi, Bibi."

"Ahadi za wasomi!" anacheka, na pumzi yake inatoka nyeupe.

"Shaba," namwambia fundi.

"Shaba hupitisha joto, haizai joto. Litatoka wapi?"

Natazama mikono yangu. "Chukua la mkono wa kushoto. Wa kulia nauandikia barua za kuomba kazi."

"Halirudi."

"Chukua."

Bomba la shaba linajikunja, linakizunguka kidole changu cha pete. Mabomba yote ukumbini yanasimama, kama watu wanaopisha jeneza.

Niliamka kumeshakucha. Bafu letu halikuwa na bomba, na majivu ya jikoni yalikuwa baridi. Lakini chini ya mlango wa bafu mvuke ulikuwa ukitoka.

"Lwitiko!" Bibi aliita. "Nani kakuamsha unichemshie maji? Nilichota ya baridi kwa mkono wangu, mbona yanaunguza?"

"Oga, Bibi. Yasije yakapoa."

Nikamsikia akijimwagia, akiguna kwa raha, taratibu, kama mtu asiye na magoti.

Kidole changu cha pete kilikuwa na duara la kijani, lile linaloachwa na shaba. Nikakiweka kiganja cha kushoto shavuni. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikakitia mfukoni, nikamwandalia Bibi taulo kwa mkono wa kulia.