Kadi Moja ya Kulwa na Doto

Kitendawili, wewe unayesoma. Walitoka mlango mmoja siku moja, mwenye kuandika akamwandika mmoja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Tabora, ila soko la asali ulibakize, nisije nikashiba nikasahau kukujibu. Haya: ni mapacha. Sasa kaa nikusimulie aliyewaandika, na hofu iliyomkuta.

Magreth alikuwa mtunza kadi katika zahanati ndogo huko Chemchem, Tabora. Ilikuwa saa tano asubuhi Bibi Apolinaria alipoingia na wajukuu wake wawili wa miaka sita, wamevaa mashati ya kitambaa kimoja. Doto alikuwa akihema kama mvukuto wa mhunzi. Kulwa alikuwa mzima kabisa, lakini pacha haletwi mmoja. Akiumwa huyu, na yule huja.

Tabibu Leodgar alisikiliza kifua cha Doto, akasema ni nimonia, achomwe penisilini sasa hivi. Dawa nyingine ya sindano iliisha tangu Jumatatu.

"Dada Magreth, kadi inasemaje?"

Magreth akaifungua kwenye kompyuta. Kadi ilikuwa moja. Juu: Kulwa na Doto. Chini, kwa maandishi mekundu: Mzio wa penisilini, alivimba koo. Ni wa nani? Haikusema.

Magreth akakumbuka. Mwaka jana programu ilimwuliza kama azifanye kadi mbili za watoto hawa kuwa moja, maana mama ni mmoja na tarehe ya kuzaliwa ni moja. Alibonyeza ndiyo kwa mkono wake. Kwao Unyamwezi pacha hawatengwi, akaona ametenda jambo jema.

"Mzio upo," akasema. "Ila sijui ni wa yupi."

Leodgar akamgeukia bibi. "Ni yupi aliyewahi kukataliwa na sindano, akavimba koo?"

"Mwanangu, mimi nimetoka Ziba juzi. Mama yao yuko kwenye treni, ameshapita Kaliua, simu haipatikani. Baba yao yuko porini kwenye mizinga ya nyuki. Muulize huyu."

"Kulwa, nani alivimba?"

"Tulivimba sote," Kulwa akajibu kwa fahari.

"Muongo wee," bibi akasema. "Huyu Doto akijikwaa, yeye ndiye anayechechemea."

Hakuna aliyecheka. Leodgar akavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Nikimchoma naye ndiye mwenye mzio, atanifia mikononi. Nikimpeleka hospitali kubwa bila kumchoma, kwa pumzi hii, sijui kama atafika. Dada Magreth, nakupa dakika kumi umtafute mwenye mzio."

Magreth akafungua lile dirisha jeusi la kompyuta lisilo na picha, ambalo fundi Nikhil alimfundisha siku alipowafungia kompyuta. "Programu ikikusumbua usiipige kofi, dada," alimwambia. "Andika amri hapa, ikutafutie waliolalamika kabla yako."

Akaandika amri, akafuatisha maneno: kadi, kuunganisha, mzio. Ripoti za hitilafu zikashuka mstari kwa mstari, arobaini na moja. Nyuma yake Doto alikohoa, kikohozi kikakatikia njiani. Magreth akaongeza neno pacha. Ikabaki moja.

Mtu wa nchi ya mbali alikuwa ameeleza: kadi zikifanywa moja, mzio hubaki lakini humpoteza mwenyewe. Kadi za zamani hazifutwi, na amri hii huzisoma. Chini yake mwingine akaongeza kwamba alikosea herufi moja, akapoteza kadi zote. Na chini kabisa watengenezaji waliuliza swali lililokaa miezi minane bila jibu: Kuna ambaye jambo hili limemkuta, kwa mtoto halisi? Kama hakuna, tutaifunga ripoti hii.

Kadi elfu nne za watu wa Chemchem zilikuwa humo ndani. Magreth alinakili amri herufi kwa herufi, akairudia kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Dakika mbili," Leodgar akasema.

Akabonyeza. Dirisha likanyamaza. Akahesabu pumzi za Doto: moja, mbili, tatu. Ya nne ilichelewa mno. Kisha mistari miwili ikatokea.

Kulwa: hana mzio. Doto: mzio wa penisilini.

"Weka chini," Magreth akasema. "Weka chini hiyo sindano."

Leodgar akaiweka kwenye sinia. Akamwita mtu wa bajaji, akampakata Doto mwenyewe, bibi akafuata, safari ya hospitali kubwa. Kulwa alipanda bila kuambiwa, akikohoa kwa nguvu.

Magreth hakula. Kila simu iliyolia ilimkata maini. Saa nane ikalia ya bibi.

"Wamempa dawa nyingine. Anapumua, anadai uji."

"Na Kulwa?"

"Naye anadai uji."

Magreth akakata simu, akalia kidogo, akajifuta kwa khanga. Halafu akalirudia lile dirisha jeusi. Lile swali la miezi minane lilikuwa palepale, likisubiri. Akaandika polepole:

Limenikuta mimi, Tabora, leo saa tano asubuhi. Mtoto anaitwa Doto, na yu hai. Msiifunge.