Mama Mkwe na Plagi ya Cherehani

Umeme ulikatika gauni likiwa na mkono mmoja. Bi harusi alikuwa ameketi kwenye stuli ya fundi cherehani, amevaa shimizi, anatafuna karanga. Ndoa ilikuwa saa kumi jioni hiyo hiyo. Fundi akakanyaga pedali tena. Cherehani ikaguna, ikanyamaza.

Hakuna aliyeshtuka. Katika nyumba ile ya kupanga umeme ulikuja ulipojisikia. Waya uliotoka kwa mwenye nyumba ulikuwa umeungwa nje ya dirisha na kufungwa mfuko wa nailoni, na upepo ukiugusa tu, basi tena. Fundi alishamlalamikia mwenye nyumba mpaka mdomo ukamchoka. Jibu lake lilikuwa "kesho", hata wapangaji wakambatiza Mzee Kesho, na akiitwa hivyo anaitika.

Mama mkwe wa fundi alikuwa pembeni anapiga pasi shela. Akachomoa pasi kwenye soketi.

"Nilikwambia uanze na mikono," akasema. "Ukaanza na vifungo. Sijui nani alikufundisha kazi."

Nywele zake zikasimama kidogo. Akiwa bado anabwata, akaiokota plagi ya cherehani isije ikakanyagwa, na cherehani ikatembea. Aliponyamaza, nayo ikanyamaza.

Fundi akaitazama sindano, akamtazama mama mkwe.

"Mama, usiiachie hiyo. Na uendelee kukasirika."

"Nimeshamaliza."

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Tangu aolewe, fundi alimchukulia mama mkwe wake kama yai. Kila alichopika alikisifia, kila alichosema alikikubali, na mengine aliyameza. Lakini bi harusi alikuwa na mkono mmoja.

"Mama," akasema kwa adabu, macho kwenye kitambaa, "chai yako haina tofauti na maji ya kusuuzia vikombe."

Sindano ikaenda mbio.

"Na unakoroma. Mwanao naye kakurithi, nalala katikati ya mashine mbili."

Ikapita kwapani bila kusita. Bi harusi, aliyeona haya kukaa bure, akaongeza kwamba kile kilemba cha kijani ambacho mama mkwe huenda nacho sokoni kinamzeesha.

"Kumbe miaka yote hii chai yangu huinywi?" akauliza mama mkwe.

"Namwagia maua."

"Ndiyo maana yamekufa," akasema mama mkwe, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Sindano ikalegea, ikasimama ikiwa imezama kwenye kitambaa. Fundi alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi katika nyumba ile, na papo hapo akataka kulia, maana mkono ulikuwa bado unaning'inia.

"Hodi," akasema Mzee Kesho, akaingia. Alikuwa anapita, kasikia cherehani.

"Shikamoo, mzee," akasema fundi.

"Marahaba. Si mnaona? Cherehani inalia, na kila siku mnanisumbua na waya."

"Umeme umekatika, mzee. Huu ulikuwa wa Mama."

Mwenye nyumba akamtazama mama mkwe, plagi mkononi, nywele wima. Akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyeonyeshwa tangi jipya la maji.

"Basi mna wa akiba. Sasa haraka ya nini? Huo waya nitauangalia kesho."

Mama mkwe akamkodolea macho Mzee Kesho. Taa ikawaka mpaka ikawa nyeupe, redio ya chumba cha jirani ikaanza kusoma habari, na pasi ikachemka hapo hapo ilipokuwa, waya wake ukiwa sakafuni. Cherehani ikamaliza mkono, ikalivuta na pazia la dirisha, ikalipiga pindo kabla fundi hajaondoa mguu. Bi harusi akavaa, akajizungusha mara moja, akawahi.

Waya mpaka leo haujatengenezwa, ila mfuko wa nailoni umebadilishwa. Mama mkwe siku hizi anapika chai nzito, fundi anaikosoa wazi, wanacheka, na kwa kweli hakuna tena cha kuwagombanisha. Kwa hiyo umeme ukikatika na kazi ikiwa nyingi, fundi anampigia simu mwenye nyumba na kuiweka kwenye spika.

"Shikamoo, mzee. Ule waya vipi?"

Mama mkwe anashika plagi, anasubiri jibu.