Ubao Usiooshwa

Ngo. Kisha kimya. Kisha tena: ngo.

Ulikuwa ubao wa Mona ukigonga tendegu la kitanda. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado na chumba kilikuwa kiza, lakini sauti ile niliijua. Mwanangu amegeuka usingizini, na ubao alioukumbatia umegeuka naye. Nilisikiliza kama mtu anayesikia mvua ya mtaa wa pili.

Ulikuwa mwezi wa pili wa eda yangu. Mume wangu Yeslam, fundi wa makubadhi, viatu vya ngozi, alikufa kwa homa, na mimi nikaingizwa chumba cha ndani nikae miezi minne na siku kumi bila kutoka. Watu walikuja wakalia, nami nikawatazama. Wifi yangu Zubeida, dadake Yeslam, ndiye aliyepika, akaenda sokoni, akampeleka Mona chuoni na kumrudisha. Akiniletea uji nilikunywa. Asiponiletea sikukumbuka. Siku moja nilishika sufuria, nikaona lengelenge kiganjani kabla sijajua kwamba nimeungua.

Mona alikuwa na miaka saba. Msimu ule, tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, katika chuo cha Kurani cha Mwalimu Mwanakuu pale Kibokoni, wadogo walikaa mbele wakiimba herufi, wakubwa walikaa nyuma wakifunzwa udhu na sala, na Mona alikuwa amepanda safu ya katikati, ya watoto wanaohifadhi sura fupi fupi. Mzazi humwandikia mtoto sura kwenye ubao kwa wino wa masizi, akiitoa katika msahafu wa nyumbani. Mtoto akishaihifadhi, humsomea mwalimu, na Jumatano alasiri ubao huoshwa ili aandikiwe nyingine. Kwetu mwandishi alikuwa Yeslam. Mimi kusoma na kuandika nilijifunza nimeshaolewa, kwa bibi mmoja aliyewafundisha wanawake baada ya magharibi, Mona akiwa mgongoni. Lakini ubao wa mtoto sikuwahi kuugusa. Mkono wa Yeslam ulikuwa mzuri, wangu ulitetemeka.

Sura ya mwisho aliiandika homa ikiwa imeshamshika, amekaa kitako, shuka mabegani. Siku ya nne yake tukamzika, na majuma yale ya msiba mwalimu hakumdai Mona kusoma, ubao ukabaki vile vile.

Jumatatu ile Zubeida alirudi kutoka chuoni akakaa mlangoni kwangu bila kuvua buibui. Alisema Mwalimu Mwanakuu amemsikiliza Mona, na Mona amesoma vizuri mpaka katikati, kisha akaruka aya moja. Akarudishwa, akaruka tena. Mwalimu akauomba ubao, akatazama, akaona kwamba aya yenyewe haimo. Mtoto hakusahau. Aliandikiwa hivyo. Basi akamwambia auoshe, aandikiwe upya. Mona akaukumbatia ubao akakataa. Mtoto mmoja wa safu ya nyuma akasema sura ya Mona ina pengo kama ufizi wake, maana meno yake mawili ya mbele yalikuwa yametoka, na chuo kizima kikacheka.

"Yuwasema baba yake ndiye aliyeandika," Zubeida alisema, "na baba yake hakosei."

Mwalimu hakumpiga. Alisema hampigi yatima. Lakini sura pungufu haiwezi kusomwa mbele ya wadogo wakaipokea vile vile. Jumatano Mona aje na ubao ulioandikwa sawa, au abaki nyumbani mpaka Mfungo Mosi mwingine, kwa kuwa safu haimngoji mtu mmoja.

Zubeida alitaka tuuoshe mtoto akiwa usingizini. Akiamka litakuwa limekwisha, atalia siku mbili, basi. Nilimkatalia. Nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe ikikataa jambo. Nilimwambia ataamka akijua kwamba tumemwibia. Na sikutaka akae nyumbani mwaka mzima. Mimi nilianza herufi nikiwa na mtoto mgongoni. Nilitaka yeye azimalize mgongo mtupu.

Kesho yake, Mona akila, niliuomba ubao niutazame tu, na akanipa, mkono mmoja ukiwa bado ukingoni. Niliufungua msahafu, nikafuata aya kwa aya. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka, wino umekolea. Nikafika pale. Aya aliyoiruka ni ile inayomtaja yatima.

Nje, toroli ilipita barabarani, Ndia Kuu, wasukumaji wakiwaambia watu wapishe. Labda macho yake yaliteleza. Aya zile zinafanana, na alikuwa akitetemeka kwa homa. Labda mkono haukutaka kumwandikia mtoto wake neno lile. Sijui, na hakuna wa kumuuliza. Nilingoja nilie. Sikulia. Nikaufunga msahafu.

Alasiri nilimwita Mona, nikamwambia kwamba baba yake alikosea.

Aliuvuta ubao akauweka nyuma ya mgongo wake.

Nilitazama ukutani, na pale palikuwa na kiatu kimoja cha makubadhi ambacho Yeslam hakukimaliza, kimetundikwa kwa ukanda wake. Nikamuuliza Mona kama anakumbuka baba yake alikuwa akifanya nini mshono ukiruka tundu.

"Alikuwa akifumua," alisema.

"Alifumua pale paliporuka tu?"

"Wote. Mpaka mwanzo." Akafikiri. "Hata kama mwenye kiatu yuko hapo anangoja. Akimwambia aende akanywe kahawa."

"Na baada ya kufumua?"

"Akishona tena."

Nilimwachia. Baadaye aliinuka, akaenda uani na ubao wake, nami nikamfuata. Zubeida alimletea maji ya mtungi na bakuli jeupe la kukingia, kwa sababu maji ya sura hayamwagwi mferejini. Mona aliosha mwenyewe. Alianzia chini akipanda juu, kwa kidole, mstari baada ya mstari, na maji yakaingia bakulini meusi. Zubeida alinong'ona kuniuliza kama maji ya sura yenye upungufu hunywewa au humwagiwa mrihani wetu wa mchuzi. Kabla sijamjibu, Mona alikuwa ameshainua bakuli akanywa. Aliliteremsha, midomo myeusi, akanipa mimi.

Nilikunywa. Yalikuwa machungu, yana moshi. Tangu Yeslam afe nilikuwa nikila na kunywa, na sikuwa nimejua ladha ya kitu hata kimoja. Niliyajua yale kuwa ni machungu. Yaliyobaki Zubeida aliyamwagia mrihani, akasema sasa mchuzi wetu utakuwa na elimu, na hakuna aliyecheka ila yeye, kidogo.

Ubao ulikauka juani. Nikauweka mapajani, nikachovya kalamu. Mkono ulitetemeka kama nilivyojua utatetemeka. Mona alikaa ubavuni pangu, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilinigonga kiwiko, nami sikumwambia asogee. Niliandika aya ya kwanza, ya pili, mpaka nikaifikia ile. Nikaiandika herufi kwa herufi. Nikaimaliza sura, nikampa.

Aliweka kidole mwanzoni, akasoma kwa sauti ya chini, akashuka. Kwenye ile aya hakuruka. Aliisoma polepole, maana ilikuwa ngeni kwake, akapita, akaenda mpaka mwisho. Kisha akauinua ubao mbele ya uso wake, akalaza kichwa upande mmoja, na upande wa pili.

"Mama, mistari yako imepinda."