Kipa Aliyepimwa Akiwa Amekaa

Ngazi alikuwa mrefu, tena si urefu wa kubahatisha. Hakuna mlango mtaani kwao ambao haukuwahi kumgonga paji la uso. Fundi umeme akija kwao alikuwa anaacha vyombo vyake getini, anampa balbu mkononi na kumwelekeza tu pa kuifunga. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama langoni kwenye ligi ya wanawake ya mpira wa mikono, ligi ndogo ambayo mashabiki wake ungeweza kuwatambua kwa viatu, na warushaji wengi waliacha mchezo wakaenda kuolewa kwa sababu yake.

Alhamisi mdogo wake, msusi, alimwita saluni.

"Dada, njoo ujione. Lakini kaa kwanza."

"Nikae kwa nini?"

"Kwa sababu humu kwenye simu tayari umekaa."

Ligi ilikuwa imetoa gemu ya simu ili kuvuta mashabiki, na kila mchezaji alikuwamo. Ngazi alijiona: sura yake, kovu lake la nyusi, jezi yake namba moja. Ila kimo kilikuwa cha mtoto wa chekechea. Mipira ilimpita juu ya kichwa kama vile hayupo.

"Nimefungwa kumi na saba," msusi alisema, chanuo likiwa limening'inia kwenye nywele za mteja. "Nikakutoa, nikamweka kipa wenu wa pili. Nisamehe dada, nilitaka kushinda."

Ngazi alikumbuka papo hapo. Siku mafundi wa gemu walipokuja na kamera zao kuwapima wachezaji, goti lake lilikuwa limevimba, naye alikuwa ameketi akiligandamizia barafu. "Usijisumbue mama, kaa hapo hapo," fundi mmoja alimwambia. Akampima kutoka sakafuni hadi utosini, kiti na vyote, akaandika, akaenda zake.

Angecheka yakaisha. Lakini jioni hiyo ofisi ya ligi ilituma ujumbe: mechi ya ufunguzi Jumamosi wataanza wale waliochaguliwa zaidi na watu kwenye gemu. Ngazi alikuwa amechaguliwa na watu arobaini, na thelathini kati yao walimtaka upande wa pili ili wamfunge vizuri.

"Kocha, wewe unajua urefu wangu?" alimuuliza mazoezini.

Kocha aliangalia viatu vyake. "Ni agizo la ofisi, dada. Wao ndio wenye basi, wao ndio wenye ukumbi."

"Sijakuuliza habari za basi."

Ijumaa asubuhi akaenda mwenyewe ofisini. Aliinama mlangoni, akasimama mbele ya meza ya meneja wa matangazo. Meneja akainua macho, akayainua tena, akafika.

"Loo! Kumbe ndivyo ulivyo?"

"Miaka tisa ndivyo nilivyo. Hujawahi kuja uwanjani?"

"Ratiba inanibana, dada yangu. Lakini gemu tutairekebisha. Miezi mitatu tu."

"Mechi ni kesho!"

Meneja alikuna kidevu. Kisha uso ukamng'aa. "Nina wazo. Ukicheza, huwezi kudaka umechuchumaa kidogo? Watu wamekuzoea mfupi, wasije wakachanganyikiwa."

Ngazi alifungua mdomo ajibu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kocha, aliyekuwa ameingia nyuma yake kuleta karatasi ya kikosi.

"Achuchumae?" Alikuwa anatetemeka kama jenereta bovu. "Binti wa watu achuchumae kwa sababu nyie mlimpima na kiti?" Akachukua kalamu ya meneja mezani pasipo kuomba, akafuta mstari wa kwanza, akaandika jina la Ngazi, akatia sahihi hadi karatasi ikatoboka. "Mwamuzi hapokei gemu. Anapokea hii."

"Basi la timu msahau!"

"Tutatembea!"

Jumamosi wakatembea kweli, kilomita sita, mifuko ya mipira mabegani. Ukumbi walioukuta ulikuwa umejaa mpaka madirishani, maana gemu ilikuwa imewaleta watu, hilo halina ubishi. Ngazi aliposimama langoni, kichwa nusura kiguse mtambaa wa panya, mtu akapiga kelele jukwaani, "Jamani, amekua!"

Wapinzani walikuwa na mrushaji mgeni, aliyeijua ligi kwa kuicheza kwenye simu wiki nzima. Akaruka, akatupa juu kabisa. Ngazi aliuchuma mpira bila hata kuinua visigino. Mgeni akarudi, akatupa juu zaidi. Na tena juu. Kufikia mapumziko alikuwa amekaa kwenye benchi lao, taulo kichwani, akiuliza wenzake nani kamdanganya.

Firimbi ya mwisho ilipolia, meneja alishuka mbio kutoka jukwaani, simu juu, akitabasamu meno yote. "Dada, picha moja! Hii tutaiweka mbele kabisa kwenye gemu!"

Ngazi aliangalia juu ya kichwa chake kama vile hayupo, akampita, akatoka nje.